Kumudu Bastola Inaporudi Nyuma: Mikono na Mkao wa Mwili

Kijitabu hiki ni cha mwenye kibali anayefanya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha akiwa na mkufunzi. Kabla ya lolote: chomoa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, kisha iguse kwa kidole. Mtutu uelekee kwenye tuta. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi uwe umekwisha kulenga na kuamua.

Kwa nini mtutu hupanda

Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 7 au 8 hivi na hutoka kwa kasi inayozidi mita 300 kwa sekunde. Ikienda mbele, bastola husukumwa nyuma. Mtutu uko juu ya kiganja, basi msukumo huo huinua mdomo wa bastola. Ukishika mpini chini, mdomo hupanda zaidi, hata uwe na misuli ya mbeba magunia.

Mikono

Nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ipande hadi juu kabisa nyuma ya mpini, pasibaki mwanya. Vidole vitatu vizunguke chini ya kikingio cha kifyatulio. Ubavu mmoja wa mpini utabaki wazi. Hapo ndipo pa kiganja cha pili, vidole vyake vikilalia vile vya kwanza. Magumba yote mawili yawe ubavu huo huo, yakitazama mbele. Gumba likipitishwa nyuma ya slaidi, litachanika: slaidi hurudi kwa kishindo na haina huruma.

Mkono wa pili ndio ubane zaidi. Ule wa kufyatulia ukikazwa mno, kidole hukakamaa na shabaha huenda upande. Kifundo nacho kikilegea, slaidi huenda isirudi hadi mwisho, ganda likakwama.

Mwili

Miguu itengane kwa upana wa mabega, magoti yasikakamae, mabega yatangulie nyonga. Anayeegemea nyuma husukumwa na kila risasi, na ya pili humkuta hajatulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko California, askari Jack Weaver alianza kushinda mashindano kwa kushika bastola kwa mikono miwili, mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, wakati wenzake wengi walitumia mmoja. Siku hizi wengi hunyoosha mikono yote sawasawa. Kwa anayeanza, tunaona mkao huu ndio mwepesi kuukumbuka.

Woga

Mkufunzi achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua zilipo. Ukifyatua bandia na mdomo wa bastola ukazama, ujue ulikuwa unaukimbia mlio kabla haujalia. Rudia polepole, risasi chache chache. Mikono ikianza kutetemeka, pumzika. Ukiendelea utajizoesha makosa.