Mimea Hai Kwenye Tangi la Samaki: Faida Zake na Namna ya Kuanza

Wageni wakifika nyumbani husifia mimea ya tangi langu kwa uzuri wake. Kwangu mimi uzuri ni nyongeza. Nimeipanda kwa sababu inanitunzia maji.

Kazi inayofanya

Samaki wa tangini hujisaidia humo humo anamoishi. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua. Bakteria wa kwenye changarawe na chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, yenye madhara madogo mpaka ilimbikizane. Mimea huzinyonya amonia na nitrati kama mbolea. Mwani nao hutegemea mbolea hiyo hiyo, hivyo mimea ikistawi, vioo havichafuki upesi.

Kuna na hewa. Taa ikiwa imewaka saa kadhaa, sogeza uso karibu na kioo: utaona vitone vidogo kama vichwa vya pini vimejipanga kwenye kingo za majani, mara kimoja kinachomoka na kupanda juu. Hiyo ni oksijeni. Ila gizani mimea huivuta oksijeni kama samaki wanavyofanya, kwa hiyo pampu ya hewa usiizime usiku. Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina humo humo kutoka juu, mara kwa mara, yachanganyike na hewa.

Mimea ya kuanzia

*Anubias*, yenye asili ya Afrika Magharibi na Kati, ina majani magumu na haidai mwanga mwingi. Shina lake nene linalotambaa usilifukie, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo. Mizizi ikishashika, fungua uzi.

*Ceratophyllum*, ambao humea hata Ziwa Victoria, hauna mizizi. Uache uelee. Hukua haraka, kwa hiyo hunyonya uchafu mwingi, na vifaranga vya gapi hujificha humo wasiliwe na wakubwa wao.

*Vallisneria* ina majani marefu kama utepe. Fukia mizizi tu, kitako cha majani kibaki juu ya changarawe. Majani ya mwanzo yakinyauka usiung'oe. Mara nyingi huchipua upya.

Ukifuga samaki wa dhahabu, tegemea majani laini kuliwa. *Anubias* ndiyo huponea.

Matunzo

Suuza kila mmea kabla ya kuutia tangini, na ukague chini ya majani: vijitonge vya utelezi ni mayai ya konokono. Washa taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, na tangi lisikae kwenye jua la dirishani, maana mwani utatawala. Jani la njano likate mapema, kwani likioza hurudisha amonia majini.

Mimea haifuti kazi ya kubadilisha maji. Mimi hubadilisha kama robo ya tangi kila wiki. Kama maji ya bomba yametiwa klorini ya kawaida, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza.

Matawi unayopunguza yatupe kwenye shimo la mboji, kamwe si mtoni wala ziwani. Magugu maji yanayosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalisambazwa duniani kama ua la bwawani.