Kondansateri: Umeme Unakaa Wapi?

Ndugu wanafunzi, mushike daftari na kalamu. Wengi kati yetu tumekariri fomula ya kondansateri juu ya egzameni ya Leta. Lakini mtu akituuliza, "Umeme wenyewe unakaa wapi?", tunanyamaza. Tuanze hapo.

Kondansateri ni mabamba mawili ya chuma yanayotazamana bila kugusana. Katikati kuna kizuizi: hewa, karatasi, mika ao plastiki. Tukiyafunga kwenye batri, batri inaondoa elektroni kwenye bamba moja na kuzisukuma kwenye lingine. Hakuna elektroni inayoruka katikati. Bamba moja linabaki na upungufu (+Q), lingine na ziada (-Q). Tukijumlisha tunapata sifuri. Basi kondansateri haijazwi kama mtungi wa maji. Chaji zinatenganishwa tu. Zinavutana, lakini kizuizi kinazikataza kukutana. Ndiyo sababu zinabaki pale hata batri ikiondolewa, na nishati inakaa katika nafasi ile ya katikati.

Fomula ni hizi:

C = εS/d na Q = CU

S ni eneo la bamba: likiwa kubwa, elektroni zinapata nafasi ya kutawanyika. d ni umbali kati ya mabamba: ukiwa mdogo, chaji zinavutana zaidi, na batri ileile inaweza kusukuma nyingi. ε ni tabia ya kizuizi.

Mfano: mabamba ya sm 10 kwa sm 10, hewa ya mm 1.

C = 8,85 × 10⁻¹² × 0,01 / 0,001 = 8,85 × 10⁻¹¹ F

Yaani pikofaradi 88,5. Kwa batri ya volti 9, Q ni karibu 8 × 10⁻¹⁰ C. Ni kidogo sana!

Namna gani basi kondansateri ya mikrofaradi 10, ndogo kama punje ya mchele, inapita mabamba yetu zaidi ya mara 100 000? Jibu liko katika udongo wetu. Koltani ya Maniema na ya Kivu inatoa tantali. Unga wa tantali unashikamanishwa kwa moto mpaka unakuwa kama sponji: S inakuwa kubwa. Juu yake inaoteshwa ngozi ya oksidi, nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita: d inakuwa ndogo. Na ε ya oksidi hiyo ni karibu mara 27 ya hewa. Ni fomula ileile! Watu wetu wanachimba jiwe hilo kwa mikono. Ni haya sisi wanafunzi tusijue kazi yake.

Onyo: amplifikateri ao inverta ikizimwa, kondansateri zake kubwa zinaweza kubaki na volti za kuua. Musifungue, musiguse. Fundi anazimaliza chaji kwa rezistansi, halafu anapima mbele ya kugusa.

Zoezi. Tunapunguza d kuwa mm 0,5.
1. Batri ikiwa imefungwa, Q inakuwa ngapi?
2. Batri ikiondolewa kwanza, Q na U zinakuwa ngapi?

Tutasahihisha pamoja saa ya kujisomea ya jioni. Mwenye kueleza jibu la pili kwa maneno yake, bila kutazama daftari, ameelewa somo.