SOMO LA KAZI: AMBREYAJI YA PIKIPIKI YA ZAMANI



Mara hii tujifunze juu ya ambreyaji. Pikipiki ya zamani ikipanda mlima na mzigo, pengine moteri inalia sana lakini gurudumu haliongezi mbio. Watu wanasema: "Moteri imekufa," na kuanza kutafuta feza ya pistoni mpya. Mara nyingi moteri iko nzima. Ni ambreyaji inateleza. Asiyejua neno hili atapoteza feza bure, na mgonjwa anayebebwa atabaki njiani.

1. Kazi yake
Tutwae mfano wa Yamaha DT125 ya miaka ya 1970, yenye silinda moja ya sm³ 123. Ndani ya karteri ya kuume mna disike za namna mbili, zikipangwa moja kwa moja: za kukamata na za chuma laini. Za kukamata zinazunguka pamoja na moteri; za chuma zinazunguka pamoja na vitesi. Resori zinazibana zote pamoja. Tukivuta mkono wa ambreyaji, kable inasukuma sahani ya juu, disike zinaachana, nasi tunabadilisha vitesi.

2. Mbele ya kufungua
Tuangalie kable kwanza. Pale mkono unapoanzia, sharti pawe na nafasi ya milimetre 2 au 3. Kama hakuna nafasi, disike hazibanwi sawasawa, nazo zinateleza hata zikiwa mpya. Tena tuulize ni mafuta gani yalitiwa. Mafuta mengine ya motokari yana dawa ya kutelezesha, nayo inaharibu ambreyaji hii yenye kuoga ndani ya mafuta.

3. Kufungua
Tumwage mafuta ndani ya chombo, si katika kijito. Tutoshe pedali ya kuwashia, kisha kifuniko. Tulegeze buloni za resori pole pole, kila moja kidogo kidogo. Disike zikitoka, tuzifunge kwa uzi kwa utaratibu ule ule, pamoja na pete za mpira zilizo katikati, kama ziko.

4. Kupima
Disike ya kukamata ikiwa mpya ina unene wa milimetre 3. Ikifika 2,7 imekwisha. Disike ya chuma tuilaze juu ya kioo: ikicheza imepindika, ikiwa na rangi ya buluu imeungua. Resori tuzisimamishe pamoja. Zilizofupika zibadilishwe zote, si moja tu. Tuangalie na kikapu: meno ya disike yanachimba mifereji ndani yake, na hapo ambreyaji haiachi vizuri. Mifereji midogo tunaisawazisha kwa tupa. Ikiwa mirefu, kikapu kibadilishwe.

5. Kurudisha
Disike mpya zilale ndani ya mafuta ya vitesi usiku mzima. Zikitiwa kavu, zitaungua siku ya kwanza. Tuanze na ya kukamata, tumalize na ya kukamata. Buloni tuzikaze kwa kupishana, pasipo nguvu nyingi, maana ni ndogo na zinakatika upesi. Tutie jwenti mpya, tena mafuta kwa kipimo cha kitabu.

Neno moja kubwa: kama mipira ya pompa ya mafuta ya moteri ilifunguliwa, sharti tutoe hewa yote ndani yake mbele ya kuwasha. Hewa ikibaki, mafuta hayafiki, pistoni inakwama ndani ya silinda, na dereva anaweza kuanguka akiwa mbioni. Hapo aliyetengeneza ambreyaji amevunja moteri.

Mwisho tujaribu mahali pa tambarare, kisha mlima mdogo, kisha tupime kable tena.

Maswali
a) Sababu gani tunapima kable mbele ya kufungua?
b) Disike ya milimetre 2,6 ifanyiwe nini?
c) Disike ya chuma iliyopindika inajulikana namna gani?
d) Hewa ndani ya pompa inaleta hatari gani?