Afya na Usafi Jikoni: Kabla ya Kuinua Jiko, Pima Kiwiko cha Mpishi

Juma hili safu yetu inaingia jikoni kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona kuwa ni la fundi tu, nalo ni kimo cha jiko. Nyumba nyingi siku hizi hujengwa meza ya zege yenye marumaru, ambayo tumezoea kuiita kaunta. Kaunta ikishakamilika, jiko la gesi lenye oveni linarudishwa mahali pake, na hapo inaonekana kuwa kaunta iko juu na jiko limezama chini. Mwenye nyumba anamwita fundi na kumwambia, "Liinue lilingane."

Je, ni sahihi kuliinua? Likiinuliwa vizuri, mgongo wa mpishi unaweza kupata nafuu. Likiinuliwa vibaya, linaweza kumpindukia mtoto au kuvujisha gesi usiku watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo inafaa tulitazame suala hili kwa utulivu.

KIMO CHA JIKO KINA UHUSIANO GANI NA AFYA?

Mpishi akipika mahali palipo chini sana, huinama. Akiwa ameinama, misuli ya mgongo inabeba uzito wa kichwa, kifua na mikono kwa muda wote huo, bila kupumzika. Dakika tano si tatizo. Lakini anayepika chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha usiku, na katika mwezi wa Ramadhani akaongeza futari na daku, anainama saa nyingi kila siku. Matokeo yake ni maumivu ya kiuno na shingo. Mama mjamzito huumia zaidi, kwa kuwa uzito wa tumbo tayari unamvuta mbele.

Jiko likiwa juu mno nalo lina madhara yake. Mpishi hulazimika kunyanyua mabega na viwiko ili akoroge, na mabega yakikaa juu muda mrefu huchoka na kuuma. Isitoshe, haoni vizuri ndani ya sufuria. Mvuke humpiga usoni, na mafuta yakiruka yanakuwa karibu na macho. Akiteleza kidogo, sufuria ya moto inaweza kumwagikia kifuani.

PIMA KIWIKO, USIPIME UKUTA

Mara nyingi kimo cha kaunta hupangwa na fundi kwa kutazama mazoea au kimo chake mwenyewe, ilhali si yeye atakayepika hapo. Kipimo sahihi kimo katika mwili wa mpishi. Avae ndara anazovaa jikoni, asimame wima, alegeze mabega, kisha akunje mkono kama anayeshika mwiko. Pima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko.

Kwa kazi nyepesi kama kukatakata mboga, meza inayofaa huwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Kazi inayohitaji nguvu, kama kukanda unga wa chapati, inataka meza iwe chini zaidi ya hapo ili uzito wa mwili usaidie mikono.

Kwa upande wa jiko kuna jambo ambalo husahaulika: sufuria nayo ina kimo. Mkono wa mpishi haufanyi kazi juu ya jiko, unafanya kazi juu ya mdomo wa sufuria. Basi jitahidi mdomo wa sufuria unayoitumia kila siku usivuke kiwiko. Anayesonga ugali anahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mwiko hukandamizwa kwenda chini.

MFANO WA HESABU

Tuseme kaunta mpya ina sentimita 92, jiko lina sentimita 85 hadi kwenye vyuma vya kuwekea sufuria, na sufuria ya kila siku ina kimo cha sentimita 20.

Mpishi wa kwanza ana kiwiko cha sentimita 112. Jiko likiinuliwa hadi 92, mdomo wa sufuria utakuwa kwenye 112, yaani sawasawa na kiwiko chake. Huyu kuinuliwa jiko kutamfaa.

Mpishi wa pili ana kiwiko cha sentimita 105. Likiinuliwa hadi 92, mdomo wa sufuria utapita kiwiko chake kwa sentimita 7. Likibaki kwenye 85, mdomo utakuwa kwenye 105, usawa wa kiwiko. Huyu ni bora aachiwe jiko lake lilivyo, hata kama macho ya wageni yangependa kuona mstari mmoja ulionyooka.

Na wakiwa wapishi wawili katika nyumba moja, kwa mfano mama mkwe mfupi na mkwewe mrefu? Mtazame anayepika mara nyingi na kwa muda mrefu zaidi. Wakilingana kwa kazi, afuatwe mfupi kwa upande wa jiko, kwa kuwa hatari ya kuungua kwa sufuria iliyo juu ni mbaya kuliko kuinama kidogo. Asisimamishwe juu ya kigoda mbele ya moto.

Kabla ya kutumia hata mfuko mmoja wa saruji, fanya jaribio hili. Weka sufuria tupu juu ya kaunta yenyewe, kwa kuwa ndicho kimo unachokitaka, kisha mpishi akoroge kwa mwiko kama anayepika pilau. Mabega yakipanda, jibu umelipata.

JIKO LA PLATE MBILI

Wengi wetu hatuna jiko la oveni. Tuna jiko dogo la plate mbili linalowekwa juu ya kaunta. Hapo tatizo hugeuka. Kaunta ya sentimita 90, jiko la sentimita 10 na sufuria ya 20 jumla yake ni sentimita 120, kimo kinachopita viwiko vya wanawake wengi. Dawa yake ni kujenga sehemu ya jiko iwe chini kuliko kaunta nyingine. Mwambie fundi mapema, kabla ya kumwaga zege.

Ama mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake, huo usiupandishe mezani wala juu ya tofali. Ukipigwa kumbo utaanguka pamoja na chakula na moto. Ukipata uwezo, nunua jiko la plate lenye mpira na regyuleta, mtungi ubaki chini ukiwa umesimama wima.

NAMNA YA KULIINUA KWA USALAMA

Ukishaamua kuinua, fuata utaratibu huu:

1. Zima jiko, funga mtungi, tenganisha regyuleta, na kama jiko lina umeme chomoa waya. Subiri lipoe kabisa.

2. Tazama miguu ya jiko. Majiko mengi ya oveni yana miguu ya kuzungusha inayoongeza sentimita chache. Usiizungushe kupita mwisho wa hesi yake. Katika mfano wetu wa sentimita 7, miguu ikitoa 2, zitabaki 5.

3. Hizo 5 zijengewe jukwaa moja la zege, imara, lenye kubeba miguu yote minne. Usitumie vipande vya tofali vilivyopangwa bila saruji, mbao zilizokatwa ovyo, wala makopo. Jukwaa liwe pana kuliko nafasi ya miguu ili jiko lisiteleze ukingoni, lakini lisitokeze mbele likamkwaza mpishi.

4. Weka pimamaji juu ya jiko kwa urefu na kwa upana. Jiko lililoinama humwaga mafuta upande mmoja na chakula hakiivi sawa.

5. Lizuie lisipinduke. Mlango wa oveni ukiwa wazi hufanya kazi kama mtaimbo: mtoto akiukanyaga au sufuria nzito ikiwekwa juu yake, jiko zima linaweza kulala mbele. Nchini Marekani, kanuni za watengenezaji zimetaka tangu mwaka 1991 majiko ya aina hii yawe na kishikizo cha kuzuia yasipinduke. Kama jiko lako lina kishikizo hicho, kifungwe upya kwa kimo kipya. Kama halina, fundi afunge kishikizo cha chuma ukutani.

6. Usizibe matundu ya hewa yaliyo chini au nyuma ya jiko. Moto wa gesi unahitaji hewa.

MPIRA WA GESI

Hapa ndipo wengi hupatwa na balaa. Jiko likipanda, mpira wa zamani huweza kuvutika au kujipinda. Mpira usikaze, usipite nyuma ya oveni penye joto, na usiungwe kipande kwa kipande. Kagua tarehe iliyoandikwa juu yake. Uliopita muda wake au wenye nyufa ubadilishwe.

Ukimaliza kufunga, paka povu la sabuni kwenye maungio, kisha fungua gesi huku vichomeo vimezimwa. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usijaribu kamwe kwa kibiriti. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe na makabati ya chini. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, na watoe watu nje.

USAFI WA PENGO

Jiko likilingana na kaunta, kufuta kunakuwa rahisi. Lakini pengo dogo linalobaki kati yao hunasa mafuta na mabaki ya chakula, na hayo ndiyo karamu ya mende na panya. Linaweza kufunikwa kwa ukanda mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, unaoondoleka ili usafishwe. Chini ya jukwaa pasiwe na uwazi usiofikiwa na ufagio.

Aliyeacha jiko lake chini ya kaunta naye ana la kuzingatia: mwali usipige ukingo wa kaunta, hasa ukiwa wa mbao. Kichomeo kilicho karibu na ukingo kitumike kwa sufuria ndogo.

WATOTO NA WANAOPIKIA MKAA

Kuinua jiko humwondolea mtoto anayetambaa hatari ya kuufikia moto, lakini anayetembea bado anaweza kuvuta mpini wa kikaango. Mipini igeuzwe ndani. Akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya mswaki, mafuta wala unga.

Kwa wanaopikia mkaa, kulijengea jiko jukwaa la matofali husaidia mgongo na kuwalinda watoto. Hata hivyo hakuondoi hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu katika vyumba vilivyofungwa. Jiko la mkaa liwe mahali penye hewa, liwe juu au chini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020.

Mwisho, maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya miguu, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia haja hayatibiwi kwa kuinua jiko. Mwenye dalili hizo awahi hospitali bila kuchelewa.

Basi ewe baba mwenye nyumba, kabla hujamwita fundi, mwite kwanza mpishi wako na umpime kiwiko. Gharama yake ni futi kamba na dakika mbili, na faida yake ataipata kila siku anapowasha moto. Tukutane juma lijalo, Inshaallah.