ZABURI KWA SIKU THELATHINI



Mwezi uliopita tulisoma Zaburi zote 150 kwa kufuata mpango wa Kitabu cha Sala cha mwaka 1662. Mpango huo umezigawa Zaburi kwa siku 30, asubuhi na jioni, yaani mafungu 60. Mwezi ukiwa na siku 31, mafungu ya siku ya 30 hurudiwa. Zaburi ya 119 peke yake, yenye mistari 176, huanza jioni ya siku ya 24 na kumalizika jioni ya siku ya 26.

Faida ya mpango huu ni kwamba msomaji hachagui. Tukiachiwa kuchagua, wengi wetu tutarudia ya 23 na ya 121 tu. Lakini jioni ya siku ya 4, kabla ya kufika kwa mchungaji na malisho yake, hatuna budi kupita Zaburi ya 22, ambayo Bwana wetu aliyatamka maneno yake ya kwanza msalabani (Mathayo 27:46).

Asubuhi ya siku ya 17 huja Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo humalizika kwa tumaini. Hii humalizika gizani. Sisi siku ile tulikuwa wazima, na mioyo yetu ilikuwa mikunjufu. Je, tuiruke? La. Tulijiuliza: ni nani katika mtaa wetu ambaye maneno haya ni yake leo? Tukawaombea wafiwa kwa maneno hayo hayo.

Hapa pana somo kubwa. Mara nyingi twaenda msibani tukamwambia mfiwa, “Usilie, ni mapenzi ya Mungu.” Naye hudhani kulia kwake ni upungufu wa imani, akaanza kujitenga na ibada. Zaburi ya 88 yatufundisha kwamba kilio pia ni sala, maana mwenye kulia bado anamwita Mungu.

Jioni ya siku ya 30 twafika Zaburi ya 147 hadi 150, zote za sifa. Aliye gizani tusimharakishe kufika huko, tutembee naye.

Maswali:
1. Ni Zaburi gani hujaisoma kamwe?
2. Ni nani anayehitaji uisome pamoja naye?