Kisima cha Gesi Kinachovuja Hakizibwi Mdomoni

Kisima cha zamani kikianza kutoa mapovu ya gesi, wengi hukimbilia kumimina saruji mdomoni na kuhesabu kazi imekwisha. Mimi nina msimamo mwingine: saruji huja mwishoni, na uimara wake hutegemea maandalizi yaliyoitangulia. Hapa Kuluba, wilayani Koboko nchini Uganda, hakuna kisima cha gesi, lakini jambo hili linatuhusu. Katika bonde la Rhino Camp, upande wa Mto Nile, visima vya utafiti vya Iti, Avivi na Mvule vilichorongwa kati ya 2009 na 2012, havikupata mafuta, vikaachwa. Kule Butiaba, kando ya Ziwa Albert, kisima cha Waki ni cha mwaka 1938. Sidai kwamba vinavuja. Nasema nchi yenye mashimo kama hayo inahitaji watu wanaojua kuyafunga.

Mimi huanza na kumbukumbu za uchorongaji: kina cha kisima, urefu wa kila bomba la chuma, na mahali saruji ya awali ilipofika. Kisha huitambua gesi yenyewe, maana hatari hutofautiana. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, kwa hiyo sigara, simu na pikipiki vikae mbali. Kabonidioksaidi, iliyopatikana kwa wingi katika visima vya Turaco huko Semliki, haiwaki, ila ni nzito kuliko hewa. Hutuama penye bonde na kuwakosesha watu pumzi. Kipimo cha gesi kimtangulie mtu, naye akae upande upepo unakotoka. Baada ya hapo pima shinikizo ndani ya bomba na katika nafasi iliyo nje yake, kila moja peke yake. Ukilipunguza likapanda tena, gesi ina chanzo hai, na palipopanda ndipo penye njia yake.

Njia ikijulikana, mtambo wa uchorongaji huletwa. Valvu mbovu hutengenezwa, kisha tope zito la uchorongaji husukumwa ndani mpaka uzito wake uishinde gesi. Mabomba ya ndani hutolewa, na kutu na mafuta husafishwa, kwa kuwa saruji haishiki chuma kichafu. Vipimo vya mawimbi ya sauti huonyesha kama saruji iliyo nyuma ya bomba bado imeshika. Pasipo na saruji, bomba hutobolewa au kusagwa ili kizibo kipya cha saruji kizibe shimo zima, mwamba hadi mwamba. Kikishaganda hukandamizwa kwa uzito na kujaribiwa kwa shinikizo. Bomba hukatwa chini ya uso wa ardhi gesi isiporudi tena.

Wako watakaosema gharama hii ni kubwa mno. Lakini gesi iliyofungiwa juu haipotei: hujikusanya, hupenya nyuma ya bomba, na yaweza kuibukia kwenye kisima cha maji cha jirani. Kurudia kazi hapo ni ghali zaidi, kwani saruji iliyomiminwa ovyo lazima kwanza ichorongwe. Wengine watasema kisima kikavu hakina la kuogopwa. Kwa upande wa mlipuko hoja hiyo ina uzito. Kwa upande wa maji haina, kwa sababu shimo refu huunganisha tabaka zilizotengana, na maji ya chumvi yakapanda kwenye yale ya kunywa. Wenyeji na wakimbizi wa West Nile, eneo letu hili, hutegemea sana maji ya chini ya ardhi. Sheria ya petroli ya Uganda ya mwaka 2013 inadai mpango na mfuko wa kufunga miradi. Madiwani wetu nao wadai ramani na kumbukumbu za kila kisima kilichozibwa, na wasiruhusu nyumba kujengwa juu yake.