SOMO LA AFYA KAZINI: KANO ILIYOSHONWA ISIGANDE



Sisi wa Puta na ufuko wote wa Nchelenge tunaishi kwa mikono. Somo hili linamhusu kila mpasuaji samaki ambaye kisu kimewahi kumteleza.

Ndani ya kidole zimo kano, yaani kamba nyeupe zinazovuta mifupa. Kano ya kukunjia hupita katika ala nyembamba, kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake. Jeraha dogo laweza kuikata kabisa. Basi tusipime kwa wingi wa damu. Kidole kikikataa kujikunja, twende hospitali siku ile ile, tusingoje wiki.

Daktari akishashona, taabu ya pili huanza. Mwili huunga kano kwa kovu, na kovu halichagui: hushika kano, hushika na ala. Mshikamano tunaupenda chamani, lakini huu hatuutaki. Kano ikigandana na ala, kidole hubaki kama kijiti.

Zamani mkono ulifungwa usicheze kwa majuma kadhaa, na vidole vingi viliganda. Hata madaktari waliogopa kushona kano za sehemu hiyo ya kidole. Mwaka 1967 Dkt. Kleinert wa Louisville, Marekani, aliwaeleza wenzake matokeo mazuri ya kushona na kuanza kukichezesha kidole mapema. Siku hizi mazoezi huanza katika siku chache za mwanzo. Mkono hukaa katika banzi, kifundo na vidole vikiwa vimezuiwa visinyooke mno, na mgonjwa hukunja kidole polepole kwa mkono wake mzima, mara nyingi kwa siku, jinsi alivyoonyeshwa. Asibuni yake.

Maana kuna hatari ya upande wa pili. Katika majuma ya mwanzo uzi ndio unaoshikilia kano. Mtu akivuta wavu au akibeba ndoo, itakatika. Banzi huvaliwa kama wiki 6, na kazi nzito husubiri wiki 12 hivi.

Hapo ndipo wenye mitumbwi hutuambia, "Jeraha limekauka, rudi kazini." Ngozi imekauka, ndugu, kano bado. Ajali iandikwe siku ile ile, barua ya daktari itunzwe, na mwenzetu apewe kazi ya mkono mmoja, kama kuhesabu makreti, bila kupunguziwa ujira. Mwenye mtumbwi akikataa, mleteni kwa mjumbe wa tawi pamoja na barua hiyo.